Ndege iliyoficha vita chini ya rangi: Jinsi namba moja inavyounganisha historia ya jeshi na ya raia

Kwa miaka mingi, ndege ndogo yenye herufi za usajili OE-AAB ilifanya kazi ya kawaida kabisa nchini Austria. Ilivuta angani ndege zisizo na injini, ikaziachia zielee zenyewe, kisha ikarudi kutua na kuvuta nyingine. Ilipozeeka iliwekwa kwenye makumbusho ya usafiri wa anga katika uwanja wa ndege wa Graz, kusini mwa nchi hiyo. Wageni waliopita mbele yake waliona ndege kuukuu ya klabu, iliyoundwa kwa mabomba membamba ya chuma na kufunikwa kitambaa.

Kumbe ndege hiyo ilikuwa moja ya ndege nyepesi zilizovuma sana katika Vita vya Pili vya Dunia. Septemba 1944, ikiwa na bazuka sita kwenye mabawa, ilishambulia vifaru vya Ujerumani mashariki mwa Ufaransa. Magazeti ya Marekani yalimwandika rubani wake. Vita vilipokwisha, rubani alirudi nyumbani na ndege ikabaki Ulaya. Kwa zaidi ya miaka 70, wasimulizi wa vita hivyo hawakujua ndege ilipo, na walioirusha kila mwisho wa wiki hawakujua ilikotoka.

Kilichounganisha pande hizo mbili ni namba ya jeshi: 43-30426.

Kisa hiki kinafungua swali pana zaidi. Ndege inawezaje kuishi maisha mawili, moja jeshini na jingine uraiani, bila maisha hayo kujuana? Na kwa nini jambo hilo liwashughulishe watu leo, wakati ndege ndogo za kiraia zinaonekana tena kwenye medani za vita?

Ndege ya wanafunzi yapelekwa vitani

Jeshi la Marekani liliiita L-4. Kiwandani jina lake lilikuwa Piper Cub, ndege ya viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, iliyotengenezwa katika mji wa Lock Haven, jimbo la Pennsylvania. Injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 65 tu. Ikiwa tupu ilikuwa na uzito wa kilo zipatazo 330, na mwendo wake wa kawaida ulikuwa kama kilomita 120 kwa saa. Kabla ya vita, maelfu ya vijana wa Marekani walijifunzia urubani kwenye ndege hii, nyingi zikiwa zimepakwa rangi ya manjano.

Juni 1942, jeshi hilo liliidhinisha vikosi vya mizinga kuwa na ndege zake zenyewe. Kazi yake ilikuwa kuelea juu ya medani, kuona makombora yanaangukia wapi, na kuwaelekeza wapigaji kwa redio. Ndege ya vita yenye kasi kubwa isingeiweza kazi hiyo. Ilihitajika ndege ya polepole, inayoweza kuruka kutoka shambani au barabarani na kurekebishwa na fundi mmoja mwenye sanduku la vifaa. Zaidi ya Cub 5,000 ziliingia jeshini kwa njia hiyo, zikapakwa kijani kibichi badala ya manjano.

Zilianza kupigana barani Afrika. Novemba 9, 1942, ndege tatu za aina hiyo ziliruka kutoka meli ya Ranger katika pwani ya Moroko, wakati majeshi ya Marekani na Uingereza yalipokuwa yakitua Afrika Kaskazini. Wanajeshi wa Marekani wenyewe hawakuzitambua, wakazifyatulia risasi. Suala la nani ni nani angani liliziandama ndege ndogo tangu siku ya kwanza.

Mwalimu wa historia na bazuka sita

Meja Charles Carpenter hakuwa askari kwa taaluma. Alizaliwa mwaka 1912 katika jimbo la Illinois, na kabla ya vita alikuwa akifundisha historia katika shule ya sekondari ya mji wa Moline. Mwaka 1944 alikuwa Ufaransa na Divisheni ya Nne ya Vifaru, akimrusha kamanda wake, Jenerali John Wood, na kufanya upelelezi.

Upelelezi pekee haukumtosheleza. Alifunga bazuka kwenye mihimili inayoshikilia mabawa ya ndege yake, tatu kila upande. Bazuka ni bomba la kurushia roketi ambalo askari wa miguu hulibeba begani. Kwa kuwa hufyatuliwa kwa umeme, aliweza kuunganisha nyaya hadi kwenye swichi alipoketi. Ubavuni mwa ndege aliandika jina, Rosie the Rocketer. Ulikuwa mzaha kutokana na Rosie the Riveter, jina walilopewa wanawake wa Marekani waliofanya kazi viwandani wakati wa vita. Yeye mwenyewe akaitwa Bazooka Charlie.

Mapigano yaliyompa sifa yalikuwa ya Arracourt, katika eneo la Lorraine. Septemba 20, 1944, baada ya ukungu wa asubuhi kupungua, aliona vifaru vya Ujerumani vikisonga mbele. Alishuka mara kwa mara kuvishambulia na kurudi kujaza roketi nyingine. Katika ndege yake, kati ya mwili wa rubani na risasi kutoka ardhini hapakuwa na kinga zaidi ya kitambaa.

Alivunja vifaru vingapi? Masimulizi ya kawaida yanataja sita. Namba hiyo inahitaji tahadhari. Rubani anayeshambulia kisha kupaa haraka huona moshi, na si rahisi kujua kama kifaru kimekufa au kimekwama tu. Aidha, baadhi ya wasimulizi wanasema vilikuwemo vifaru vizito vya aina ya Tiger, ilhali brigedi za Kijerumani zilizopigana Arracourt zilitegemea Panther na Panzer IV. Hilo halimpunguzii ujasiri mwalimu huyo. Linatukumbusha tu kwamba sifa za vita hukua kadiri zinavyosimuliwa, na ndiyo sababu ushahidi unaoshikika una thamani.

Mwaka 1945 Carpenter aligunduliwa kuwa na saratani ya tezi aina ya Hodgkin. Alirejea Marekani na kufundisha tena historia. Aliishi hadi mwaka 1966, kwa muda mrefu kuliko madaktari walivyotarajia. Ndege yake haikurudi naye.

Kwa nini ndege hupotea vita vinapoisha?

Jibu la kwanza ni la kiuchumi. Mwaka 1945 majeshi ya washindi yalikuwa Ulaya na bidhaa wasizozihitaji tena: magari, mahema, redio, ndege. Kurudisha ndege ya mafunzo kuvuka Atlantiki kungegharimu kuliko bei yake. Nyingi ziliuzwa huko huko, kwa klabu, wakulima na mafundi. Mnunuzi alitaka ndege inayoruka kwa mafuta kidogo. Mambo iliyofanya Arracourt hayakuwa na bei sokoni.

Jibu la pili ni la kisheria, na ndilo lenye uzito zaidi. Desemba 7, 1944, wiki chache tu baada ya mapigano ya Arracourt, wawakilishi wa mataifa walitia saini Mkataba wa Chicago, ambao hadi leo ndio msingi wa sheria za usafiri wa anga duniani. Ibara ya 3 ya mkataba huo inasema kwamba unahusu ndege za kiraia pekee. Ndege za jeshi, forodha na polisi ni ndege za dola na ziko nje yake. Ibara ya 17 na ya 18 zinasema kuwa ndege ya kiraia ina uraia wa nchi iliyoisajili, na haiwezi kusajiliwa kihalali katika nchi zaidi ya moja kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo ndege inapotoka jeshini kwenda uraiani, inavuka mpaka kati ya mifumo miwili inayotunza kumbukumbu kila mmoja kivyake. Jeshi hufunga kadi yake: imeuzwa, imeondolewa. Mamlaka ya kiraia hufungua ukurasa mpya: mmiliki fulani, herufi fulani. Msajili halazimiki kuuliza kama ndege iliwahi kuua mtu, na ofisa wa jeshi halazimiki kufuatilia inakwenda wapi.

Nchini Austria kulikuwa na sababu ya tatu. Nchi hiyo ilikaliwa na majeshi ya mataifa manne washindi hadi ilipopata mamlaka yake kamili kwa mkataba wa Mei 15, 1955. Usafiri wake wa anga ulijengwa upya kuanzia chini kabisa. Herufi AAB, za mwanzo kabisa wa orodha, zinadokeza kuwa ndege hii ilikuwa miongoni mwa zile za kwanza kuingizwa kwenye daftari jipya.

Namba husomwaje?

Yeyote aliyewahi kununua gari la mtumba anaujua mchezo huu. Namba za gari hubadilika likihama nchi, lakini namba ya chesisi hubaki. Mnunuzi makini hulinganisha chesisi, injini na kadi kabla ya kutoa pesa. Kwa ndege za zamani ni vivyo hivyo, ila tabaka ni nyingi zaidi.

Tabaka la kwanza ni namba ya jeshi. Katika 43-30426, tarakimu 43 ni mwaka wa bajeti ambao ndege iliagizwa, yaani 1943, na zinazofuata ni nafasi yake katika maagizo ya mwaka huo. Kwenye mkia wa ndege, tarakimu ya kwanza ya mwaka haikuandikwa. Kwa utaratibu huo, 43-30426 husomeka 330426. Anayetazama picha ya mwaka 1944 na kuona tarakimu hizo sita mkiani anaweza kurudi hadi kwenye orodha ya maagizo.

Tabaka la pili ni namba ya kiwandani, iliyogongwa kwenye kibati kidogo cha chuma ndani ya ndege. Hiyo haibadiliki ndege inapovuliwa sare za jeshi, na ndiyo msajili wa kiraia huandika kwenye daftari lake. Orodha za wapenzi wa historia ya anga huonyesha namba ipi ya kiwandani inaoana na namba ipi ya jeshi. Hapo ndipo daraja kati ya maisha mawili hujengwa.

Lakini daraja hilo lina mtego. Kwenye ndege za Piper, fremu ya mabomba ya mwili ilikuwa na namba yake ya pekee, tofauti na ile ya kibati cha ndege nzima. Baada ya vita, baadhi ya maofisa wa usajili barani Ulaya waliandika namba ya fremu wakidhani ndiyo namba ya ndege. Matokeo yake, ndege kadhaa ziliruka kwa miongo mingi zikiwa na utambulisho wa ndege nyingine kwenye karatasi, bila mtu yeyote kuwa na nia ya kudanganya.

Tabaka la tatu ni kadi za jeshi, zilizoandikwa kwa kila ndege na ambazo nakala zake za filamu zimehifadhiwa katika kituo cha kumbukumbu za jeshi la anga la Marekani huko Alabama. Zinafaa, lakini zina mipaka. Kwa ndege ndogo iliyopelekwa ng'ambo, mara nyingi kadi huishia pale ilipopakiwa melini. Aliyeirusha na alichofanya nayo havimo. Hayo hutafutwa kwenye picha, barua za nyumbani na taarifa za vikosi.

Tabaka la nne ni mwili wa ndege wenyewe. Tundu lisilo na kazi, kiraka kwenye mbao za bawa, rangi ya kijani iliyobaki chini ya rangi nyeupe, vyote ni ushahidi. Karatasi huweza kupotea kwa moto au kwa uzembe, lakini aliyetoboa tundu kwenye chuma ameacha saini.

Tabaka hizi zinapokubaliana ndipo utambulisho huthibitika. Kwa ndege ya Graz, namba iliyokuwa vitani na namba iliyokuwa kwenye karatasi za kiraia zilielekeza mahali pamoja. Ilinunuliwa, ikarudishwa Marekani, ikafanyiwa ukarabati katika jimbo la Oregon, na mwaka 2020 ikapelekwa kwenye makumbusho ya vita katika jimbo la Massachusetts. Jina lake la vita limeandikwa upya ubavuni, na bazuka sita zimerudi mabawani.

Je, bado ni ndege ile ile?

Swali hili si geni kwa watu wa pwani. Jahazi likipandishwa ufukweni kila mwaka na kubadilishwa ubao mmoja, baada ya miaka 40 huenda hakuna ubao hata mmoja uliokuwepo lilipojengwa. Bado watu huliita kwa jina lile lile, kwa sababu halikuwahi kukoma kuwa jahazi hilo.

Ndege ya kitambaa ni kama jahazi. Kitambaa hubadilishwa kila kinapochoka. Injini huondolewa ikitimiza saa zake. Boriti za mbao za mabawa huoza au kupasuka na kuwekwa mpya. Kinachobaki ni fremu, kibati na mfululizo wa kumbukumbu unaoonyesha kuwa kila sehemu mpya iliingia kwenye ndege iliyokuwepo tayari.

Ndiyo maana kibati kidogo kinaweza kuwa na thamani kuliko injini. Ndege yenye historia ya vita iliyothibitishwa huuzwa kwa bei iliyo mbali sana na ya ndege ya aina hiyo hiyo isiyo na historia, na palipo na tofauti ya bei hapakosi kishawishi. Mtu anaweza kuchukua kibati cha ndege iliyoanguka na kujenga ndege nzima mpya kukizunguka. Nchini Marekani, kanuni za usafiri wa anga zinakataza kuondoa au kubadilisha kibati cha utambulisho bila idhini, na zinakataza kuweka kibati cha ndege moja kwenye ndege nyingine.

Kanuni hiyo haiwalindi wanunuzi matajiri pekee. Fundi anayekagua bawa la mbao anahitaji kujua limeruka saa ngapi, limehifadhiwa katika hali gani, na kama liliwahi kuanguka. Karatasi zikiwa za ndege nyingine, fundi anakagua ndege ambayo haipo, na abiria wanapanda ile ambayo haijakaguliwa.

Afrika Mashariki: Herufi zilizobadilika na bendera

Mtu anayefuatilia ndege ya zamani katika ukanda wetu atakutana na ugumu mwingine. Wakati wa ukoloni, ndege za Kenya zilisajiliwa kwa herufi zilizoanza na VP-K, za Uganda VP-U, na za Tanganyika VR-T. Baada ya uhuru Kenya ilipata 5Y, Uganda 5X na Tanzania 5H. Ndege moja inaweza kuwa na utambulisho mmoja wa kikoloni, mwingine wa taifa huru, na mwingine tena iliyopewa ilipouzwa nje.

Hapa pia mpaka wa jeshi na raia umevukwa, tena kwa kuelekea upande wa pili. Kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, ilisafirisha abiria na barua kwa ndege ndogo. Vita vilipoanza mwaka 1939, ndege zake na marubani wake waliingizwa katika kikosi cha anga cha akiba cha Kenya. Kampuni hiyo haikufufuka. Jina lake limebaki kwenye uwanja wa ndege wa Wilson, ambako ndege ndogo za watalii, za madaktari na za misaada huruka kila siku. Ni wachache kati ya abiria wanaopita hapo wanaojua kuwa jina hilo ni la kampuni ambayo vita viliimaliza.

Kutoka Biafra hadi Ukraine

Je, haya yote ni mambo ya makumbusho tu? Matukio ya miaka ya baadaye yanaonyesha vinginevyo.

Mei 1969, wakati wa vita vya Biafra nchini Nigeria, Msweden Carl Gustaf von Rosen aliongoza ndege tano ndogo za aina ya MFI-9B kushambulia uwanja wa ndege wa Port Harcourt, na baadaye viwanja vingine vya jeshi la serikali. Zilikuwa ndege za michezo na mafunzo kutoka Sweden, zikapakwa rangi za kivita na kufungwa roketi chini ya mabawa. Biafra, ambayo Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi chache zilizoitambua mwaka 1968, ilishindwa mwaka 1970. Lakini somo la Carpenter lilikuwa limerudiwa: ndege anayoweza kuinunua mtu binafsi inaweza kuwa silaha.

Ukraine imelirudia kwa namna mbili. Aprili 2, 2024, ndege nyepesi iliyofanana na A-22, inayotengenezwa Kyiv kwa ajili ya marubani wa kawaida, ilipiga eneo la viwanda la Yelabuga nchini Urusi, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka mpakani. Haikuwa na rubani. Ilikuwa imegeuzwa kuwa droni. Mwaka huo huo zilionekana ndege za Yak-52, za mafunzo za enzi ya Kisovieti, zikiwinda droni za upelelezi za Urusi huku mtu aliyeketi kiti cha nyuma akifyatua bunduki. Ndege iliyokuwa ya kufundishia na kuburudisha ikarejea jeshini ikiwa na umri wa miongo kadhaa.

Watafiti wa kesho watakuwa na kazi ngumu kuliko ya leo. Ndege iliyogeuzwa droni hailetwi nyumbani, na rubani wake, asiyepanda ndani, haandiki barua za kuisimulia.

Utambulisho ni suala la maisha

Kuna sababu nyingine ya kulitazama jambo hili sasa. Mwaka 1984, baada ya jeshi la Kisovieti kuidungua ndege ya abiria ya Korea Kusini mwaka uliotangulia, nchi wanachama wa Mkataba wa Chicago ziliongeza kifungu kinachosema kila nchi ijizuie kutumia silaha dhidi ya ndege ya kiraia iliyo angani. Ulinzi huo unasimama juu ya nguzo moja: kwamba aliye ardhini anaweza kuamini kuwa ndege yenye alama za kiraia ni ya kiraia kweli.

Nguzo hiyo ikitikisika, wanaolipa ni watu wasiohusika. Mei 4, 2020, ndege ya Kenya aina ya Embraer 120 ilidunguliwa ikikaribia kutua Bardale, kusini magharibi mwa Somalia. Ilikuwa imebeba vifaa vya matibabu wakati wa janga la corona. Watu wote sita waliokuwemo walikufa. Jeshi la Ethiopia lilikiri kuwa askari wake ndio walioifyatulia, wakidhani ilikuwa ikija kufanya shambulio la kujitoa mhanga. Ndege hiyo ilikuwa na usajili halali, lakini askari waliokuwa ardhini walikuwa wanatazama umbo linalokuja, na hofu ikaamua.

Kila mara ndege ya kiraia inapofungwa silaha, hofu hiyo hupata hoja mpya. Nchi inayopigania uhai wake huenda ikaona haina njia nyingine, na hesabu hiyo ni ya viongozi wake. Lakini gharama haiishii kwenye medani hiyo. Inamfikia rubani wa ndege ndogo anayepeleka chanjo kwenye uwanja wa vumbi, mahali ambako aliyeshika bunduki hana daftari la usajili mkononi.

Rangi ipi ibaki?

Turudi kwenye ndege ya Graz. Ukarabati wake umesifiwa, na kwa familia ya Carpenter, kuiona ikiwa na jina alilolipaka yeye ni jambo lisilopimika kwa fedha. Hata hivyo, kila ukarabati ni uamuzi kuhusu historia ipi ionekane. Maisha ya vita ya ndege hii yalihesabika kwa miezi. Maisha yake ya amani yalikuwa ya miaka mingi. Ili Rosie the Rocketer arudi, OE-AAB ilibidi ifutwe.

Watu wasiojulikana kokote waliwahi kupaa nyuma ya ndege hiyo wakiwa vijana, katika nchi iliyokuwa ndiyo kwanza inajikwamua kutoka kwenye vita vile vile. Chombo kilichotumwa kuua kilikuwa kikiwainua angani kwa kamba, kisha kinawaachia. Hakuna bango lililoandikwa kwa ajili yao, na makumbusho haziwezi kupaka ndege moja rangi mbili.

Daftari linaweza. Kwenye ukurasa mmoja zinakaa namba ya jeshi, namba ya kiwandani na herufi za kila nchi, bila moja kuifuta nyingine. Klabu, makampuni na mamlaka zinazotunza karatasi hizo, hata za ndege iliyokwisha kuoza, zinatunza jambo ambalo rangi haiwezi kulisema: kwamba ndege moja iliweza kufanya yote mawili, na kwamba kila mara kulikuwa na mtu aliyeamua ifanye lipi.